Dunia Isiyo na Kuku

6 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mpe Shangazi Mkubwa, na umwambie sijasahau alivyonichapa na mwiko kwa kosa la mtoto wa jirani. Huku tu wazima. Baba anakohoa kwa kujionyesha. Akiona sebuleni hakuna mtu, kifua kinapona. Bibi ameng'oa jino, kwa hiyo anatafuna upande mmoja na kusengenya pande zote mbili. Mimi ni mzima ila nimekonda, na usianze kusema sikuwa na pa kukondea.

Ulisema unakwenda kwa dada yako kupumzika wiki mbili. Sasa hata mwezi umekwisha na wewe bado unapumzika. Simu yako haipatikani. Najua huko mtandao unashikwa juu ya kilima tu, lakini kilima si mbingu, panda siku moja unipigie. Kwa sasa barua zangu anazibeba dereva wa lori la mboga, ambaye amekubali kuwa posta kwa sharti tumfulie mashati yake. Mashati yenyewe yananuka kitunguu hata yakiwa yamelowa.

Sasa jambo lenyewe. Ng'ambo ya barabara, pale palipokuwa na duka la viatu, amefungua dobi mwingine. Si dobi wa beseni. Ana mashine za kufulia zenye mlango wa kioo, kazipanga mstari, na mbele yake kaweka viti. Watu wanakaa wanatazama nguo zao zikizunguka kama wako sinema. Juzi nilimwona yule mwalimu wa hesabu, mteja wako wa siku zote, kainamia kioo anaangalia suruali yake inavyopinduka. Alipogundua namwona akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Mwenye duka ni mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Mtaa umeshambatiza Bwana Mashine. Anamsalimia kila apitaye, hata mbwa. Sisi tuna beseni zetu, kamba zetu, pasi ya mkaa, na Fundi Pasi, ambaye tangu uondoke anapiga pasi huku anaimba, na sauti yake unaijua. Tatizo kubwa ni kwamba mimi sijui kuwasema wateja kama unavyowasema wewe. Jana nilijaribu. Nilimuuliza mama mmoja kola yake ameifanyia nini ikawa vile. Akanijibu ameivaa. Nikamwandikia risiti.

Ile nyumba ya wageni ya kona haijaleta mashuka wiki hii. Labda wageni siku hizi wanalala wima. Shangazi, niambie unarudi lini, na kama si karibuni, niambie nifanye nini. Duka hili ndilo lililonisomesha. Sitaki life mikononi mwangu.

Ni mimi, kibanio chako cha nguo,
Kibanio


27 Februari

Kibanio, mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa dada, kwa sababu miwani yangu imevunjika. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuongeza chumvi. (Siongezi. Ilivyo tu imeshazidi. Shangazi yako Mkubwa.) Unaona, tumeanza.

Huku hatujambo. Shemeji yangu anakoroma mpaka vyombo vinaitikia kabatini. Mwambie baba yako kile kikohozi tulikianza wote utotoni ili tusipelekwe kuchota maji, na mimi ndiye niliyemfundisha. Mama mpe salamu, asinisengenye mpaka nirudi nijitetee. Kilima nimeambiwa bado kipo. Mimi na magoti yangu tumekubaliana tusikisumbue.

Kuhusu huyo mrefu wa mashine, usipoteze usingizi. Mashine inazungusha nguo tu. Doa la wino haliogopi kizunguzungu, linaogopa kidole gumba. Na nguo iliyofuliwa na mashine haitavuka kizingiti cha duka langu nikiwa hai, hilo liandike ukutani.

Sasa sikiliza nikufundishe biashara. Hapa nina buibui. Amejenga kwenye pembe ya dari, juu ya kabati. Namtazama asubuhi, namtazama mchana, jioni namtakia usiku mwema. Hana kibao cha tangazo, hana viti, hasalimii mbwa. Ametandika utando wake safi, amekaa katikati, amenyamaza. Nzi wanakuja wenyewe, tena kwa mabawa yao. Na nzi akishafika habembelezwi.

Basi fanya hivyo. Zima hiyo redio. Mnyamazishe Fundi Pasi hata kwa kumziba mdomo na soksi, iwe safi lakini. Fagia, tandika, keti mlangoni kwenye kiti changu, utulie. Usiite mtu, usichekecheke. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakuwa wajinga.

Hujaniambia kama kamba za uani umezikaza. Nitarudi nitakaporudi.

Shangazi yako


11 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa msiba wako.

Nitaeleza. Kwanza baba hajambo, na Bibi hajambo ila hasemi na mimi, na ukifika mwisho wa barua utaelewa kwa nini.

Nilifuata somo la buibui neno kwa neno. Jumatatu asubuhi nilizima redio, ambayo tangu inunuliwe haijawahi kunyamaza isipokuwa umeme ukikatika. Nilimwambia Fundi Pasi asiimbe, akaona nimemwonea, akainamisha kichwa juu ya meza yake na huzuni usoni kama mtu aliyeachwa. Nilitundika shuka jeupe mlangoni, ndiyo utando wangu. Nilivaa gauni langu jeusi kwa sababu ndilo pekee lililokuwa limepigwa pasi. Kisha nikaketi kwenye kiti chako, mikono mapajani, nikatulia.

Wa kwanza alikuwa Mama Dawa, yule wa duka la dawa. Akasimama akanitazama, akatazama shuka, akamtazama Fundi Pasi. Akaniuliza kama ni kweli. Buibui haongei, kwa hiyo sikumjibu. Akaketi chini karibu yangu akaanza kulia. Nikadhani ana mambo yake ya nyumbani, nikaendelea kutulia.

Ilipofika adhuhuri mlango umejaa watu. Mtu kaleta benchi, mwingine kaleta birika la chai. Na mimi, Shangazi, Mungu anisamehe, nilikuwa moyoni nakusifu. Nilijisemea, Shangazi ni fundi, tazama nzi wanavyomiminika. Mwalimu wa hesabu alikuja akisema kwamba hukuwahi kumficha ukweli kuhusu suruali zake. Sikuelewa, lakini nilitikisa kichwa.

Halafu Bwana Mashine akazima mashine zake zote, nguo za watu ziko majini, akavuka barabara na kofia mkononi. Akainama mbele yangu akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Sikubahatika kumwona. Lakini mtaa mzima umenisimulia alivyowatukana, na mimi nilikuwa nangoja zamu yangu."

Hapo ndipo nilipouliza nani amekufa. Benchi zima likanitazama kwa huruma, wakaanza kunong'onezana kwamba mshtuko umenipanda kichwani. Niliapa kwamba u mzima, u kwa dada yako, umevunja miwani tu. Nusu waliamini. Fundi Pasi alikuwa ameamini tangu asubuhi kwamba umefariki na kwamba mimi namficha yeye peke yake, akaunguza shati la dereva wa mboga kwa majonzi. Watu wakaenda mbio kumpa Bibi pole. Bibi akawaambia mwanawe hawezi kufa akaacha mtu mwingine atoe habari, lazima angekuja kuisema mwenyewe. Kisha akawafukuza, na mimi akaninunia.

Kesho yake wateja wote wakaja kuchukua nguo zao kabla mambo ya mirathi hayajaanza. Wote. Hata mwenye lile koti la kijivu lililoning'inia pale tangu mimi niko shule. Alisema siku zote alitamani kulifuata, ila aliogopa utakachosema kuhusu makwapa yake. Rafu sasa ni nyeupe. Nguo za zamani zimeondoka, na mpya haziji.

Miwani haijatengenezwa bado? Huku kuna fundi. Rudi uitengenezee huku.

Kibanio


2 Aprili

Kibanio,

Marehemu anakujibu. Marahaba.

Nataka kujua kila kitu. Mama Dawa alilia kwa machozi au kwa pua tu? Chai ilikuwa na sukari? Nani hakuja? Huyo Bwana Mashine, una hakika alizima mashine zote, haikubaki hata moja ikizunguka? Mtu huhudhuria misiba ya wenzake maisha yake yote, wa kwake hapati kusikia lolote. Mimi nimesikia. Nilicheka mpaka dada akaja kunigeuza. (Nilimwambia asicheke hivyo. Hakusikia.)

Mwenye koti la kijivu mwambie makwapa yake nilikuwa nimeyasamehe.

Mwandiko bado ni wa dada, nina jipu kwenye kidole. Shemeji bado anakoroma. Mwambie baba yako nimemkumbuka, lakini mwambie kwa kejeli, asije akadhani kuna jambo.

Buibui tumwache, ulimwelewa kupita kiasi. Sasa nina sisimizi. Wanatokea dirishani, wanapita juu ya kitanda ukutani, wanaingia nyuma ya saa. Jana walimbeba mende mzima, mkubwa kama kitufe cha koti, wakampandisha ukuta wima. Nikasema hawa lazima wana bosi mkali. Nilimtafuta asubuhi nzima. Hayupo. Hakuna hata mmoja anayesimama kando na kutukana wenzake. Nilichukia sana, nakwambia kweli. Mmoja akichoka anatoka, mwingine anaingia mahali pake, na mende haulizi yule wa kwanza yuko wapi.

Basi somo ndilo hilo. Gawaneni kazi, kila mtu ajue kila kitu. Na usiniulize tena narudi lini. Sisimizi hawaulizi.

Marehemu


14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba nimemfikishia salamu kwa kejeli kama ulivyoagiza, akaacha kukohoa akauliza kama kuna jambo. Bibi ameanza kusema na mimi, ila kupitia kwa paka.

Tulijaribu usisimizi. Fundi Pasi akaenda kwenye beseni, mimi nikashika pasi. Kufikia saa nne mimi nilikuwa nimeunguza mkono wa blauzi na yeye amechanganya shuka jeupe na leso nyekundu, kwa hiyo nyumba ya wageni ya kona ikapata shuka la rangi ya waridi. Walikuwa wameleta moja tu, kutujaribu. Mengine yote wameshayapeleka ng'ambo. Fundi Pasi amesema yeye si sisimizi, yeye ana mgongo, na amerudi kwenye meza yake. Ameanza kuimba tena na sikumkataza.

Kuna jambo jingine nalishughulikia. Sitakwambia, kwa sababu utanitukana na lori halina nafasi ya kubeba matusi yote hayo.

Lakini mimi nina swali. Juzi nilizipanga barua zako kitandani nikazisoma tena. Shangazi, mbona dunia yako haina kuku?

Shangazi Mkubwa anaishi shamba. Nilikuwa huko utotoni. Huwezi kufika jikoni bila kuruka kuku. Mtu akikaa huko siku moja tu ataandika kuhusu kuku, ataandika kuhusu tope, mbuzi, kunguru, mvua. Wewe una buibui wa darini. Una sisimizi wanaopita ukutani juu ya kitanda. Una kabati, una dirisha, una saa. Wanyama wako wote wanaonekana na mtu aliyelala chali. Na miwani iliyovunjika Februari ilikuonyesha buibui pembeni ya dari bila shida, kisha Aprili miwani imepona limekuja jipu. Na ukicheka unageuzwa. Nani anageuzwa akicheka?

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma nguo ya mtu nikajua alikotoka, alichokula na aliyemdanganya. Usinione mjinga. Niambie.

Kibanio


9 Mei

Shangazi,

Lori limekuja na kuondoka, limekuja tena, na mimi sina barua. Dereva anasema ile ya kwangu alimkabidhi Shangazi Mkubwa mlangoni, na hakukaribishwa ndani. Wewe hujawahi kumwacha mgeni apite bila kumsema viatu vyake.

Sina utani leo. Naogopa. Andika hata tusi moja.

Kibanio


30 Mei

Kibanio,

Una akili, na nilikuonya tangu utotoni kwamba ni tabia mbaya.

Sikukujibu kwa sababu nilikukasirikia. Kisha nikajikasirikia mwenyewe. Kisha dada akasema asipoandika yeye kwa idhini yangu ataandika bila idhini, na anavyopenda chumvi, nimeona bora nitangulie.

Nilipata kiharusi wiki ileile niliyofika. Nilikuwa nimesimama mlangoni nakunywa maji, kikombe kikaanguka, nikajiuliza nani kaangusha kikombe. Upande wa kulia umelala. Daktari anakuja, ananyoosha vidole, anasema vizuri, vizuri, kama anamsifia mtoto wa mtu asiyempenda. Mdomo haukuguswa. (Kwa kweli haukuguswa hata kidogo.)

Niliwafunga midomo wote humu ndani. Sikutaka mama ajue, sikutaka baba yako aje anisimamie na huruma usoni. Na wewe hasa sikutaka ujue. Mkono huu ndio duka, Kibanio. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na shuka haukamui. Dobi asiye na mkono ni mteja tu. Nilidhani nikikaa kimya mkono utapona. Nikawa buibui mimi mwenyewe, na nilichonasa ni upweke.

Uliponiandikia kuhusu msiba nilicheka kweli. Halafu dada na shemeji wakaondoka, nikalia, kwa sababu nilijiona tayari nimeshazikwa na chai imeshanywewa.

Somo la mwisho. Usiku kuna mjusi kafiri anakaa karibu na taa. Wiki iliyopita shemeji alimpiga kandambili. Akauacha mkia, mkia ukabaki sakafuni unacheza, yeye mwenyewe yuko juu salama. Ule mkia ulinikera, ulivyokuwa unajitahidi bure. Duka ni mkia, mwanangu. Uache. Muuzie huyo mrefu, mwambie achukue beseni, kamba, meza, kila kitu. Pasi ya mkaa usimpe, hiyo niletee. Fundi Pasi mwombee kazi kwake. Wewe bado kijana, kimbia salama.

Naogopa na mimi. Nimesema, sasa usinikumbushe.

Shangazi yako


6 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma uani nimesimama kati ya kamba, nikajifuta na shati la mteja, ikabidi nilifue upya.

Nimewaambia nyumbani. Utanikasirikia, kasirika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe tumeshakuomboleza hata kabla ya kifo. Baba amelia, na tangu siku hiyo hajakohoa hata mara moja. Bibi akasema, "Si niliwaambia? Habari zake lazima azilete mwenyewe." Kisha akataka kujua nani anakuosha nywele.

Sasa na mimi nitoe langu. Duka siuzi. Siwezi kumuuzia Bwana Mashine kitu ambacho tayari anakitumia.

Lile jambo nililokuficha ni hili. Siku ya msiba wako, baada ya watu kuondoka, Bwana Mashine alibaki mlangoni anatazama mashati ambayo Fundi Pasi alikuwa ameyakunja. Mashine zake zinafua, Shangazi, siwezi kudanganya. Lakini nguo zinatoka zimejikunja kama zimetafunwa, na yeye pasi haijui hata kuishika. Wateja wake walikuwa wanakwenda kazini kama karatasi ya kufungia maandazi. Na madoa uliyasema vizuri, yalikuwa yanazunguka na nguo na kurudi nayo. Kwa hiyo sasa yeye anafua, sisi tunatoa madoa kwa kidole gumba na kupiga pasi. Mashuka ya nyumba ya wageni yanaingia kwake mlango wa mbele yanakuja kwetu uani. Fundi Pasi amekuwa mtu wa maana, anaimba mpaka wa ng'ambo wanaomba apunguze.

Ndiyo, nguo ya mashine imevuka kizingiti chako nawe u hai. Nilishindwa kukwambia. Utasema nimekuwa kupe. Lakini mimi natembea nje, na kwenye uwanja nyuma ya stendi kuna ng'ombe, na mgongoni kwake kuna yangeyange, yule ndege mweupe. Hamfugi ng'ombe wala hamnyonyi. Anakula wadudu wanaomsumbua, na ng'ombe anamvumilia hata akimkanyaga sikio. Ndilo somo langu la kwanza, na nimelipata nikiwa nimesimama wima.

La pili. Ulimwacha mjusi mapema mno. Mwangalie tena kwenye taa. Mkia unaota, Shangazi, mfupi na wa ajabuajabu kidogo, lakini unaota. Mkono sijui, hilo la daktari.

La tatu ni malalamiko. Mwalimu wa hesabu alichukua suruali yake wiki iliyopita, imenyooka, haina doa. Akabaki amesimama. Nikamuuliza amesahau nini. Akasema, "Hakuna aliyeniambia chochote. Naona kama nimepunjwa." Na si yeye peke yake. Mwenye koti la kijivu analileta kila Ijumaa likiwa safi, analiweka mezani, ananitazama usoni, anangoja. Mimi najaribu, lakini sina kipaji.

Ulisema dobi asiye na mkono ni mteja. Shangazi, mkono wako ulikuwa unafua tu. Duka lilikuwa linauzwa na mdomo. Nimeweka kitanda kwenye chumba cha mbele, dirisha linatazama mezani na barabarani. Utawaona wote wakiingia, na wao watakusikia. Jumamosi ya wiki ijayo tunakuja kukuchukua, mimi na baba, kwa gari la Bwana Mashine. Ameomba aendeshe mwenyewe. Anasema zamu yake bado hajaipata.

Usikatae. Mimi peke yangu sitaki duka hili.

Kibanio


12 Juni

Kibanio

Huu ni mkono wangu wa kushoto. Ukicheka usinionyeshe. Barua hii nimeianza Jumanne, na dada anaruhusiwa kutazama tu.

Yangeyange nimemsikia. Sikubali, lakini nimemsikia. Huyo mrefu mwambie gari alioshe kwa mkono, nitakagua viti. Mwenye koti la kijivu asifue makwapa mpaka nifike. Mwambie mama kwamba dada ndiye anayeniosha nywele, na ananivuta.

Mjusi nilimwangalia. Ni kweli, mkia wa ovyo kabisa.

Jana walinibeba wakaniweka barazani. Nimemwona kuku. Anakimbia huku, anakimbia kule, anachimba, anasahau alichokuwa anachimba. Nilimtafuta somo asubuhi nzima, hana hata moja. Nilimtazama mpaka akaingia bandani kulala.

Njooni.

Shangazi yako,
marehemu mstaafu